Kaunti zijenge makao ya wanyama, nasi twende tukawachukue

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili niseme na Wakenya wenzangu, na hasa viongozi wa serikali za kaunti, juu ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa la watu wenye nafasi na mali, ilhali linagusa kila mtaa: jinsi tunavyowapata mbwa na paka tunaowafuga, na mahali wanapoishia tunapowachoka.

Katiba ya mwaka 2010, katika sehemu ya pili ya Jedwali la Nne, inataja kazi za serikali za kaunti. Zile za zahanati, masoko, barabara za mashinani na shule za chekechea zinajulikana na kila mtu, maana wanasiasa huzitaja kila wapandapo jukwaani. Wachache wamesoma kifungu cha sita cha orodha hiyo, kinachozipa kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kuangalia maslahi yao, ikiwa ni pamoja na kutoa leseni za mbwa na kuwa na mahali pa kuwahifadhi wanyama, kuwatunza na kuwazika. Ni jukumu la kikatiba sawa na hayo mengine. Hata hivyo, katika sehemu nyingi za nchi, mtu akimwokota mtoto wa paka mtaroni, au akihamia mji mwingine na asiweze kwenda na mbwa wake, hana ofisi ya kaunti atakayoiendea ikampokea mnyama huyo, ikamtibu na kumtafutia nyumba. Kazi hiyo imeachiwa vyama vya hisani na watu binafsi wenye huruma, ambao hulisha wanyama kwa michango.

Kikongwe kati ya vyama hivyo hapa kwetu ni KSPCA, chama cha kuwalinda na kuwatunza wanyama nchini Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1910 kikiitwa kwa jina la Afrika Mashariki nzima, ambacho makao yake yako Karen, katika barabara ya Langata, Nairobi. Chama hiki kimekuwapo kabla ya uhuru na kabla hata ya nchi kuitwa Kenya, na bado wako wakazi wa Nairobi wasiojua kwamba mtu wa kawaida anaweza kuingia pale, akawatazama mbwa na paka waliopo, akazungumza na wahudumu na hatimaye akaondoka na mnyama wa kumlea. Wengi hudhani ni hospitali ya mbwa wa matajiri. Wengine hudhani ni mahali pa kutupia mnyama aliyechokwa, basi. Dhana hiyo ya pili ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu huyafanya makao ya wanyama, yaani nyumba za kuwapokea wanyama walioachwa na kuwatafutia wa kuwalea, kuwa mlango wa kuingilia usio na wa kutokea, na nyumba ya namna hiyo, hata iwe na watu wema kiasi gani, hujaa.

Nijuavyo mimi, wanyama hufika kwenye makao kwa njia nyingi, na chache sana kati ya hizo ni kosa la mnyama mwenyewe. Yuko mbwa ambaye aliyekuwa akimfuga alifariki na warithi hawamtaki. Yuko aliyegongwa na gari akaachwa kando ya njia. Wako watoto wa paka waliotiwa katika katoni wakaachwa langoni usiku. Yuko mbwa wa familia iliyopewa uhamisho wa kikazi, au iliyohamia nyumba ambayo mwenyewe hataki wanyama. Wako walioondolewa mikononi mwa watu waliokuwa wakiwatesa, maana sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumtesa na kumnyima chakula au maji. Anayesema kwamba mnyama wa makao lazima ana kasoro ndiyo maana akaachwa, amemhukumu mnyama kwa makosa ya binadamu.

Sasa tazama upande wa pili. Kando ya barabara zetu kubwa, na kwenye makutano yenye msongamano wa magari, vijana hunyanyua watoto wa mbwa wawaonyeshe madereva kupitia dirishani. Siwalaumu vijana wenyewe kwa kutafuta riziki. Wanauza kwa sababu sisi tunanunua. Lakini ni vizuri mnunuzi ajue anachonunua. Mtoto wa mbwa anapaswa kukaa na mama yake si chini ya majuma manane, ili anyonye, apate kinga iliyomo katika maziwa ya mama, na ajifunze kwa ndugu zake kwamba kuuma kunaumiza. Yule wa barabarani mara nyingi ameachishwa mapema, kwa kuwa akiwa mdogo ndivyo anavyopendeza na kununuliwa upesi. Ameshinda juani bila maji. Ameshikwa na mikono ya watu wengi waliotoka kushika mbwa wengine. Tumbo lake limejaa minyoo, nasi tunalitazama tukasema ameshiba.

Kuna maradhi yanayoitwa parvo, yatokanayo na virusi vinavyoshambulia matumbo, ambayo kila daktari wa mifugo mjini anayajua vizuri. Mtoto wa mbwa ambaye hajachanjwa huanza kwa kukataa chakula, kisha hutapika, halafu huharisha damu, na pasipo matibabu ya haraka hufa baada ya siku chache. Matibabu yenyewe ni maji ya mishipani na uangalizi wa mchana na usiku, na gharama yake huzidi sana bei aliyonunuliwa mbwa huyo pale barabarani. Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi ni kwamba virusi hivyo hukaa katika udongo wa ua kwa miezi mingi baada ya mgonjwa kufa. Jirani yangu mmoja alinunua mtoto wa mbwa njiani kwa ajili ya wanawe, akafa kabla ya mwezi kwisha. Akanunua wa pili ili kuwafuta watoto machozi, naye akafa kwa dalili zile zile katika ua ule ule. Waswahili husema rahisi ghali, na watoto wale walilipa sehemu yao ya bei hiyo.

Muuzaji wa barabarani huja pia na kadi ya chanjo, na kadi hiyo humtuliza mnunuzi. Naomba kila mmoja aitazame vizuri. Kadi ya kweli ina jina la daktari, muhuri wake, tarehe, na kibandiko kilichotolewa kwenye chupa ya chanjo yenyewe. Madaktari wa mifugo nchini husajiliwa na bodi yao, na mtu anaweza kuuliza kama jina alilopewa limo katika sajili. Kadi iliyojazwa kwa kalamu moja siku moja, huku mtoto wa mbwa akiwa na majuma matano, haina maana yoyote, kwa sababu chanjo za mwanzo huanza majuma sita hadi manane na hurudiwa kila baada ya majuma machache, na ile ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na umri wa miezi mitatu hivi.

Kwenye makao yanayofanya kazi kwa utaratibu, mambo huenda kinyume na hivyo, na baadhi ya watu huuona utaratibu huo kuwa usumbufu. Mimi nilipochukua paka niliulizwa maswali mengi kuliko niliyoulizwa nilipotafuta nyumba ya kupanga. Je, nyumba ni yako au umepanga? Mwenye nyumba ameruhusu? Kuna watoto wa umri gani? Mnyama atakaa wapi mchana mkiwa kazini? Ukisafiri kwenda kwenu Desemba atabaki na nani? Ulishawahi kufuga, na yule wa kwanza alifikwa na nini? Mara nyingi mtu wa makao huja nyumbani kutazama, hasa kwa anayetaka mbwa, aone kama ua una uzio na kama mnyama hatafungwa mnyororo kutwa kucha. Mwombaji hulipa ada pia, na hapo ndipo manung'uniko huanza: vipi nilipie mnyama aliyeokotwa? Jawabu ni kwamba ada hiyo ni sehemu tu ya gharama zilizokwisha kutumika, yaani chanjo, dawa ya minyoo, dawa ya kupe na viroboto, na upasuaji wa kumhasi dume au kumfunga uzazi jike. Anayejumlisha gharama hizo moja moja kwa daktari wa mtaani ataona kwamba makao hayafanyi biashara. Na anayeshindwa kulipa ada hiyo mara moja, kwa upole wote ninaoweza, namwambia angoje kwanza, kwa sababu mbwa atakula kila siku kwa miaka kumi au zaidi, na paka anayekaa ndani ya nyumba akatunzwa vyema huweza kufika miaka kumi na mitano.

Hilo la kufunga uzazi lastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndilo watu wa kwetu hulipinga wakisema ni kumnyima mnyama haki yake. Paka jike huweza kubeba mimba akiwa bado mdogo, hata kabla hajatimiza miezi sita, na mimba yenyewe huchukua takriban miezi miwili. Mbwa jike huingia joto kama mara mbili kwa mwaka. Familia iliyo na paka mmoja jike asiyefungwa uzazi itajikuta mwaka huo huo inatafuta watu wa kuwapa watoto wake, na ikiwakosa, watoto wale huishia sokoni, mtaroni au kwenye katoni iliyoachwa langoni. Makao hayawezi kamwe kuwahi kasi hiyo kwa kupokea tu. Mnyama anayetoka pale akiwa amekwisha kufungwa uzazi hapunguzi idadi kwa mmoja tu. Anakata uzao mzima ambao ungekuja kuteseka. Ndiyo maana nasema kwamba anayechukua mnyama wa makao anafanya jambo ambalo mnunuzi wa barabarani hawezi kulifanya hata awe na upendo wa namna gani.

Nimesikia hoja ya ulinzi. Mkenya wa kawaida hafugi mbwa wa kupakata, anafuga wa kubweka usiku, na huamini kwamba mbwa wa kazi hiyo ni yule wa asili ya Kijerumani mwenye masikio yaliyosimama, na kwamba mbwa wa kienyeji, tuliyembandika jina la koko, hafai. Hoja hii haina mizizi. Mbwa wa kienyeji ana masikio makali, anakijua kivuli cha mgeni, hahitaji chakula kingi, na vizazi vyake vimezoea jua letu na maradhi yetu. Mwizi hamuulizi mbwa nasaba. Tena wengi wa wale wauzwao njiani kwa jina la Kijerumani ni machotara ambao mnunuzi huujua ukweli wao baada ya miezi sita, masikio yanapokataa kusimama, na hapo ndipo baadhi yao hufukuzwa. Katika makao unaweza kumchukua mbwa mzima ambaye tabia yake imekwisha kujulikana: wahudumu watakuambia kama anapatana na watoto, kama anawavumilia paka, kama anaogopa radi, kama ni mwepesi wa kubweka. Mtoto wa mbwa hawezi kukupa habari hizo.

Na mbwa wa kufungwa mnyororo mfupi tangu alfajiri hadi usiku si mlinzi. Ni mfungwa. Mbwa aliyekaa hivyo kwa miaka huwa mwoga au mkali asiyechagua, na siku mnyororo ukikatika humuuma mtoto wa jirani. Wanaokataliwa na makao kwa sababu ya jambo hili wasione wamedhulumiwa.

Niseme pia na ndugu zangu Waislamu, nami nikiwa mmoja wao, mzaliwa wa Pwani, kwa sababu najua wengi husoma gazeti lako na hulivuka jambo hili wakidhani haliwahusu. Paka kwetu ni mwenzetu wa nyumbani. Hakuna atakayetembea Mji wa Kale wa Mombasa au vichochoro vya Lamu asikutane nao barazani. Lakini kumpenda paka wa njiani kwa kumtupia utumbo wa samaki si kumtunza. Tumepokea katika hadithi sahihi za Mtume habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie, hata akafa. Kuhusu mbwa, ni kweli kwamba katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, mate yake ni najisi na chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini dini hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda, na hiyo hiyo imetupa habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Masahaba walipouliza kama kuna ujira kwa kuwatendea wema wanyama, waliambiwa kwamba katika kila kiumbe hai mna ujira. Anayehitaji mlinzi wa shamba lake la minazi kule Kilifi au Kwale hana sababu ya kidini ya kumpuuza mbwa wa makao, na asiyetaka mbwa nyumbani mwake bado hana ruhusa ya kumpiga mawe anayepita.

Upo mfano wa Pwani ambao hunipa moyo kila nikiukumbuka. Lamu, mji ambao mizigo yake hubebwa na punda, imekuwa na kituo cha kuwatibu punda tangu mwaka 1987, kilichoanzishwa na shirika la hisani kutoka Uingereza, na wenye punda hupeleka wanyama wao pale bila kuona haya. Hakuna aliyewaambia watu wa Lamu kwamba kumtibu mnyama ni anasa. Waliona faida yake wenyewe.

Nirudi kwenye jambo zito zaidi, nalo ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote barani Afrika na Asia, na kwamba katika visa 99 kati ya 100 binadamu huambukizwa na mbwa. Watoto walio chini ya miaka 15 ni kama asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo. Mtu akishaanza kuonyesha dalili, tiba haipo; kinachomwokoa ni kuosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kukimbilia hospitali kuchomwa sindano za chanjo hadi amalize dozi yote. Hapa Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mbwa mwaka 1912, viungani mwa Nairobi. Zaidi ya karne moja imepita. Serikali iliweka mpango wa kitaifa wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kuumaliza, na msingi wa mpango huo ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa, mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa kiwango hicho hutosha kukata mnyororo wa maambukizi.

Mpango huo na makao ya wanyama ni mambo mawili yanayokwenda pamoja, ijapokuwa viongozi wetu huyatenganisha. Wananchi wakilalamika juu ya mbwa wanaozurura, jibu la haraka la baadhi ya maafisa limekuwa sumu au bunduki. Mbali na ukatili wake, njia hiyo imeonekana kote duniani kuwa haizuii kichaa cha mbwa. Wakiuawa mbwa wa mtaa mmoja, chakula cha jalalani kinabaki, na mbwa wa mitaa mingine, ambao hakuna anayejua kama wamechanjwa, huhamia pale na kuzaliana. Tena wanaokufa kwa sumu huwa ni pamoja na wale waliokwisha kuchanjwa kwa fedha za umma, maana sumu haisomi kadi ya chanjo. Mbwa aliyepitia makao, akachanjwa, akahasiwa, kisha akaingia katika ua wa mtu mwenye jina na anwani, huyo anahesabika. Mwakani atatafutwa achanjwe tena. Kila mmoja kama huyo ni tofali katika ule ukuta wa asilimia 70.

Kizuizi kikubwa mjini, tena ambacho hakizungumzwi, ni nyumba za kupanga. Wakazi wengi wa Nairobi ni wapangaji, na mikataba mingi hukataza wanyama kwa mstari mmoja usio na maelezo. Naelewa hofu ya wenye nyumba kuhusu kelele, uchafu na milango kukwaruzwa. Lakini kukataza kabisa kumeleta matokeo mabaya zaidi: mpangaji humficha paka, hampeleki kuchanjwa kwa kuogopa kuonekana, na siku akigunduliwa humwacha nje ya lango akahama. Ingefaa wenye nyumba waruhusu paka aliyefungwa uzazi na kuchanjwa, wakachukua amana ndogo ya kurekebisha uharibifu, na wakaomba kuona kadi ya chanjo kila mwaka. Paka mmoja kwa nyumba, tena wa ndani, hana madhara kwa jirani wa ghorofa ya juu, na anapunguza panya wanaotusumbua sote.

Kwa yule ambaye maneno haya yamemsukuma kwenda makao wikendi hii, nina ombi moja la kweli: awe na subira na mnyama anapofika nyumbani. Siku tatu za mwanzo hujificha chini ya kitanda, hukataa chakula, hutetemeka mlango ukifungwa kwa kishindo. Watu wengi humrudisha wakati huo wakisema hana furaha. Huyo hajui bado kama hapa ni kwao. Mpe chumba kimoja kilichotulia, maji, beseni la mchanga kama ni paka, chakula kile kile alichokizoea makaoni kwanza, na uwazuie watoto wasimvute kutoka mafichoni. Baada ya majuma matatu hivi atakuwa ameujua utaratibu wa nyumba, na baada ya miezi mitatu huwa ameikubali nyumba kuwa yake. Usimlishe mbwa ugali mtupu kila siku ukategemea awe na afya. Mchanganyie omena, dagaa au utumbo uliopikwa, na usimpe mifupa iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kumtoboa tumbo.

Kisha niwaambie viongozi wa kaunti zote 47 ninachokiomba kwa niaba ya wanyama wasio na kura. Kila kaunti itenge, angalau katika mji wake mkuu, makao madogo yenye daktari wa mifugo, chumba cha upasuaji wa kufunga uzazi, na mtu wa kuzungumza na wananchi wanaotaka kuchukua wanyama. Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret hazina udhuru, ukubwa wake unatosha. Pale ambapo chama cha hisani tayari kinafanya kazi hii, kaunti isiunde kingine cha kushindana nacho, ikisaidie kwa ardhi, maji, chanjo na mshahara wa daktari. Fedha zinazotokana na leseni za mbwa zitumike kwa kazi hiyo na zitangazwe hadharani. Septemba 28, siku ya kimataifa ya kichaa cha mbwa, isiishie kwa hotuba na fulana. Iwe siku ya chanjo ya bure katika kila wadi, na makao yalete wanyama wanaotafuta nyumba mahali pale pale, maana mwananchi aliyekuja kuchanja mbwa wake ndiye mwenye moyo wa kumchukua wa pili, au wa kumshauri jirani yake.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na kabla na baada ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Nimehudhuria vikao hivyo vya kushirikisha umma, na sijasikia hata mara moja mtu akiuliza kuhusu kile kifungu cha sita cha Jedwali la Nne. Nawaomba wasomaji wako watakaoitwa katika wadi zao wasimame waulize kwa sauti na kwa maandishi: makao ya wanyama ya kaunti hii yatajengwa wapi, na yametengewa shilingi ngapi katika mwaka wa fedha unaoanza Julai? Wawakilishi wadi walioapa kuitetea Katiba watujibu.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu,
South C, Nairobi